Njia ya Farasi Nyuma ya Nyumba Zetu

Dalali aliyeniuzia nyumba alinitembeza vyumba vyote, akanifungulia kila bomba ili nione nguvu ya maji, akanisomea hati ya kiwanja kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na hakusema neno hata moja kuhusu kitu kilichonifanya ninunue. Kitu hicho kilikuwa njia ya udongo, yenye upana wa mita tatu hivi, iliyopita nyuma ya viwanja vya mtaa mzima, ikateremka hadi kijitoni, ikapanda ng'ambo na kupotelea msituni. Ilikuwa imejaa alama za kwato. Nilipofika mwisho wa kiwanja na kuiona, niliihesabu kuwa sehemu ya mali niliyokuwa nikiinunua. Katika hilo nilikosea, ingawa ilinichukua miaka saba kutambua.

Mahali penyewe ukipatazama ni shamba, lakini kwenye ramani ni pembe ya jiji kubwa. Kufika katikati ya jiji kwa gari ni saa moja barabara ikiwa tupu, na saa mbili au zaidi siku nyingine zote. Karibu kila nyumba ina banda la farasi, na wenye nyumba wengi ni waajiriwa wa mjini ambao, kama mimi, walitaka kufuga farasi bila kuacha kazi inayonunua nyasi za farasi huyo. Wageni wetu hudhani tunaishi kwa mazao ya ardhi hii, kumbe ardhi hii haitulishi sisi wala farasi wetu. Marobota ya nyasi kavu hutoka mbali kwa lori na mishahara ya kuyalipia hutoka mjini. Daktari wa mifugo anayewajua farasi amekubali kuishi karibu kwa kuwa wateja wapo wa kutosha. Fundi wa kwato, ambaye kila farasi humhitaji kila baada ya wiki 6 hadi 8, huja kwetu kwa sababu akiingia mtaani asubuhi hupata kazi ya kutwa nzima bila kuhama. Tungekuwa mbali zaidi na jiji, huduma hizo zingekuwa adimu. Tungekuwa karibu zaidi, ardhi ingekuwa imekwisha.

Farasi wangu nilimnunua akiwa na jina tayari: Subira. Sijawahi kukutana na kiumbe aliyelistahili jina lake kidogo kiasi hicho. Ni jike la rangi ya hudhurungi, uzito wake ni kama kilo 480, na alikuwa na umri wa miaka 11 nilipompata, yaani katikati ya maisha yake, kwa kuwa farasi anayetunzwa vizuri huishi miaka 25 hadi 30. Nilimletea ratiba yangu ya kiofisi. Alikula alfajiri kabla sijaondoka, akala tena jioni nikirudi, na baina ya hapo alikaa kwenye uwanja wenye nyasi haba akinisubiri. Foleni ikiwa ndefu, alisubiri saa kumi na nne. Baada ya miezi michache alikuwa ametafuna ubao wa juu wa uzio hadi ukabaki mwembamba kama rula, na alianza kuacha chakula chake katikati, akageuza kichwa kando kama mtu aliyeudhika.

Daktari alinieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kununua hata hatamu. Tumbo la farasi ni dogo mno kwa mwili wake, hubeba lita 8 hadi 15 tu, na humwaga asidi mfululizo, kuwe na chakula ndani au kusiwe nacho, kwa sababu mnyama huyu ameumbwa kula kidogokidogo kwa saa 14 hadi 18 kila siku. Akikaa na tumbo tupu, asidi humla yeye mwenyewe, na Subira alikuwa ameanza kupata vidonda. Tiba haikuwa dawa pekee. Nilinunua nyavu zenye matundu madogo, ambazo humlazimu farasi kuchomoa nyasi chache chache na hivyo kumchukua saa nyingi kumaliza, na nikalazimika kumtafuta mtu wa kumwangalia mchana.

Mtu huyo alikuwa mama mmoja mzee wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akifuga farasi mtaani hapo tangu kabla umeme haujafika. Nilimwendea nikiwa na bahasha ya malipo, akaitazama bahasha bila kuigusa.

“Mwanangu,” aliniambia, “farasi hajui foleni. Mimi nitampa wako chakula saa sita, na wewe siku za mapumziko utazoa samadi ya wangu wawili, maana mgongo wangu umechoka toroli.”

“Nimekubali, mama,” nilimjibu, nikidhani nimepata nafuu kubwa. Sikuwa nimewahi kuzoa samadi ya farasi watatu.

Kwa hesabu ya wastani, farasi mmoja hutoa kilo 20 hadi 25 za samadi kwa siku, na kwa mwaka inafika tani 8 au zaidi, bila kuhesabu matandiko ya banda yaliyoloa mkojo. Katika mwaka wangu wa kwanza nilirundika yote kwenye pembe iliyokuwa mbali kabisa na nyumba yangu, na nilijiona mwangalifu. Ajabu ni kwamba kila pembe iliyo mbali na nyumba yako iko karibu na nyumba ya mtu mwingine. Pembe yangu ilikuwa chini ya dirisha la jiko la jirani, na nzi, ambao wakati wa joto huhitaji siku 7 hadi 10 tu kutoka yai hadi kuruka, walianza kuhamia kwake kwa vizazi. Hakunijia. Nilipata barua ya onyo kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, na ndipo nilipojifunza kugawa samadi katika mafungu matatu, kuigeuza kila wiki na kuinyunyizia maji, ili joto la ndani lipande kupita nyuzi 55 za Selsiasi, liue mayai ya minyoo na mbegu za magugu, na lundo lipungue karibu nusu. Mboji iliyopatikana ilipendwa na watu wa mjini wenye bustani, ambao sasa huja na magunia yao wenyewe. Hunifurahisha kuwaona wakipakia. Mwishoni mwa karne ya 19, jiji la New York pekee lilikuwa na farasi zaidi ya 100,000, na samadi yao barabarani ilikuwa tatizo kubwa la kiafya. Leo mtu wa jiji hufunga safari ya saa nzima kuitafuta.

Barua ile, hata hivyo, iliniachia kitu kibaya. Ilinifundisha kuwatazama majirani wasiofuga kama watu wanaongoja nikosee, na mtazamo huo ndio niliokuwa nao moyoni usiku ambao Subira alikaribia kufa.

Kiwanja kilichopakana na uwanja wangu kwa upande wa chini kilikuwa kimenunuliwa na bwana mmoja aliyetoka mjini na familia yake. Hakuwa amewahi kumgusa farasi. Ijumaa moja jioni nilirudi nikamkuta Subira akiparua ardhi kwa mguu wa mbele, akigeuza shingo kuutazama ubavu wake, kisha akajilaza, akabiringika, akasimama, akajilaza tena. Jasho lilikuwa limemlowesha shingo ingawa hapakuwa na joto. Nilimpima mapigo ya moyo kwenye mshipa ulio chini ya taya, ambapo farasi mzima aliyetulia huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika; nilihesabu 64. Nilipotega sikio ubavuni, mahali ambapo kwa kawaida husikika ngurumo za utumbo kama maji ndani ya pipa, palikuwa kimya. Ulikuwa msokoto wa tumbo, ugonjwa ambao wafugaji wa farasi huuogopa kuliko mwingine wowote.

Daktari alitumia saa moja na dakika arobaini kufika, kwa kuwa jioni ya Ijumaa jiji zima huhamia barabara zetu. Muda wote huo nilimtembeza Subira taratibu kila alipotaka kubiringika, na mama mzee alisimama na taa, akinisimulia mambo yasiyo na maana yoyote ili nisilie. Daktari alipofika alimchoma sindano ya maumivu, kisha akampitishia mpira mrefu puani hadi tumboni. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia hakina njia ya kurudi, na gesi ikizidi tumbo linaweza kupasuka. Kilichotoka kwenye mpira kilikuwa kijani kibichi chenye harufu ya uchachu.

“Nani amempa majani yaliyofyekwa?” daktari aliuliza.

Tulikwenda na taa hadi kwenye uzio wa chini. Rundo la nyasi zilizokatwa kwa mashine lilikuwa limemwagwa upande wetu, nusu yake limeliwa. Yule bwana alikuwa amefyeka bustani yake mchana na, badala ya kuzitupa nyasi, aliona ampe farasi wa jirani zawadi. Ni jambo ambalo mtu yeyote asiyejua angelifanya kwa nia njema. Nyasi zilizokatwakatwa hivyo hujishikamanisha, hupata moto na kuanza kuchacha ndani ya saa chache, na farasi huzimeza kwa pupa bila kuzitafuna ipasavyo. Tena ndani yake huweza kuchanganyika majani ya mimea ya mapambo kama oleanda, ambayo machache tu yanatosha kumuua farasi.

Hayo ningeweza kumweleza asubuhi. Badala yake nilikwenda mlangoni kwake saa tano usiku, nikagonga kwa ngumi, na nikamwambia mbele ya watoto wake maneno ambayo siyarudii hapa. Alisimama na nguo za kulalia akiniomba radhi, na mimi nikazidi kupaza sauti. Alfajiri Subira alitoa samadi, dalili kwamba utumbo umefunguka, na nilifurahi mno hata nikamwamsha mama mzee kumwonyesha. Kwa yule bwana sikurudi. Nilitundika kibao kwenye uzio kinachokataza kulisha farasi, nikaona nimemaliza.

Miaka miwili baadaye, yule bwana alizungusha uzio kwenye kiwanja chake chote. Njia ilikatika.

Tuliikimbilia hati. Hati yake haikutaja njia, wala yangu, wala ya mtu yeyote mtaani. Wenye mashamba wa zamani walikuwa wameruhusu watu wapite kwa salamu tu. Mpita njia aliinua mkono, mwenye shamba akainua wake, na ruhusa ikaendelea hivyo kwa miongo mingi. Ruhusa ya namna hiyo humfuata mtu aliyeitoa, haiifuati ardhi. Mzee mmoja akifa, watoto wakauza, shamba likagawanywa viwanja sita, kila mnunuzi anaanza upya bila deni la salamu kwa mtu yeyote. Mashamba matatu yalikuwa yamekwenda hivyo tangu nihamie, na kila yalipogawanywa, nyumba zisizo na farasi ziliongezeka, na pamoja nazo kura kwenye mikutano inayoamua eneo la ukubwa gani linaruhusiwa farasi wangapi na banda lijengwe umbali gani kutoka kwa jirani. Tulikuwa tukiitazama idadi ya farasi kana kwamba ndiyo inayotulinda. Tulikuwa tumelindwa na njia, kwa sababu farasi asiye na mahali pa kwenda huuzwa, na kiwanja chake hujengwa.

Kwa miezi kumi na mmoja tulipita kwenye lami. Farasi huona karibu pande zote, kasoro sehemu ndogo mbele kabisa ya uso wake na nyuma ya mkia, na jicho hilo pana hutazama kila kitu kama hatari mpaka athibitishe vinginevyo. Mfuko wa plastiki ukipeperuka kwenye mtaro, yeye keshaamua kukimbia kabla mpandaji hajajua upepo umetoka wapi. Juu ya udongo, huo ni msukosuko wa sekunde tatu. Juu ya lami, akiwa na viatu vya chuma vinavyoteleza, huku nyuma kuna dereva aliyechelewa kazini anapiga honi, ni jambo jingine. Farasi mmoja wa mtaani alianguka akachunika magoti yote mawili. Nilijifunza kuvaa fulana ya kung'aa, kumpungia mkono kila dereva aliyepunguza mwendo, na kugundua kwamba ninaposhika pumzi Subira naye hukaza mgongo, kwa hiyo nilikuwa nikiimba, vibaya, kila gari lilipokaribia.

Katika mkutano wetu vijana walitaka tupite kwa nguvu, farasi arobaini kwa mstari mmoja. Mama mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni nani kati yetu aliyewahi kumuuliza yule bwana anaogopa nini. Hakuna aliyejibu. Watu wawili watatu walinitazama.

Alikwenda yeye, akanichukua mimi, kwa amri. Njiani nilimwambia kwamba sidhani bwana yule atataka kuniona.

“Ndiyo maana unakuja,” alisema.

Niliomba radhi kwanza, nikiwa nimesimama, kwa ajili ya usiku ule. Yeye aliitikia kwa kichwa, akatukaribisha ndani, na akatutajia mambo matatu. La kwanza, aliogopa kushtakiwa: mtu akianguka ndani ya kiwanja chake, nani atalipa hospitali? Tangu usiku nilipomgongea mlango alikuwa na hakika kwamba chochote kitakachompata farasi au mpandaji karibu na nyumba yake, yeye ndiye atakayelaumiwa. La pili lilikuwa samadi mbele ya lango. La tatu alilitaja mkewe, kwa aibu kidogo. Mtu aliyeketi juu ya farasi macho yake huwa kwenye urefu wa mita mbili na nusu hivi kutoka ardhini, na ukuta wao ulikuwa wa mita mbili. Kwa miaka miwili wapandaji wote wa mtaa walikuwa wakipita wakitazama moja kwa moja chumbani kwao. Nilikuwa nimepita pale mara mia kadhaa, na nilimkumbuka mtu akifunga pazia kwa ghafla, nikaona ni ukosefu wa ukarimu.

Makubaliano yalichukua muda mrefu kuliko ugomvi. Njia ilisogezwa mita kumi na mbili kwenda chini, kandokando ya kijito, ambako dirisha halionekani. Chama cha wapandaji kilikata bima inayomkinga kila mwenye kiwanja anayeruhusu njia kupita, kikachukua jukumu la kuifanyia matengenezo, na kikaweka sharti kwamba baada ya mvua kubwa njia hufungwa hadi udongo ukauke, kwa kuwa kwato kwenye tope huchimba mitaro ambayo mvua inayofuata huigeuza korongo. Anayeacha samadi mbele ya lango la mtu hurudi na toroli. Kisha tuliajiri mpima ardhi na wakili, na haki ya kupita ikaandikishwa kwenye hati zenyewe, ili yeyote atakayenunua baadaye anunue pamoja na njia. Gharama tuligawana. Nilidhani watu wangenung'unikia fedha. Walichonung'unikia ni kuandika. Wazee kadhaa waliona ni matusi kutakiwa kutia sahihi jambo ambalo baba zao walilikubali kwa kuinua mkono, na mmoja alitwambia kwamba siku jirani anapohitaji wakili ili apite, ujirani umekwisha. Nilimwelewa. Lakini mkono alioinua baba yake haukuonekana kwenye karatasi ya dalali.

Kati ya viwanja tisa, vinane vilitia sahihi. Mwenye kiwanja cha tisa amekataa hadi leo, hakutoa sababu, na hatumuulizi tena. Kwa hiyo katikati ya njia yetu kuna kipande cha mita 300 ambacho bado tunapita kwenye lami, nami bado naimba.

Kazi ya mwisho ilikuwa lango la kwa yule bwana, ambaye alitaka libaki limefungwa ili watoto wake wasikimbilie kijitoni. Lango la kawaida humlazimu mpandaji ashuke, afungue, amvute farasi, afunge, kisha atafute jiwe la kupandia, na wengine wetu si vijana. Nilimwomba aweke komeo juu, mahali ambapo mkono wa mtu aliye juu ya tandiko unafika. Alikubali, ila alitaka kuona kwa macho yake ni juu kiasi gani. Jumamosi asubuhi nilimpanda Subira nikamsimamisha sambamba na nguzo, nikanyoosha mkono, naye akaja na futi kamba na penseli nyuma ya sikio, akinyata upande wa mbali na miguu ya nyuma, kama nilivyomwelekeza. Alipima, akaandika, akarudi kupima tena, kwa sababu mara ya kwanza Subira alikuwa ameing'ata ncha ya futi kamba na kuivuta sentimita kadhaa. Mara ya pili aliishika pua ya Subira kwa mkono mmoja ili atulie, bila kuniuliza kwanza kama inafaa, akasoma namba kwa sauti.

“Mita moja na sentimita themanini na tano,” alisema. “Mwambie aache kula kofia yangu.”